Tembo, Mbuzi na Birika

Sib, Jumapili, 27 Septemba 1970

Daftari hili kaniletea ndugu yangu Marhoon kutoka sokoni Matrah. Kanikabidhi mbele ya binti yake, akasema, "Dada, andika humu. Ukiwa na daftari la kusahihisha, huenda sisi tukapumua." Masouda akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi sikucheka. Nimefundisha historia Unguja miaka ishirini na moja, na mtu akikosea tarehe mbele yangu mwili wote unaniwasha. Ni maradhi, najua.

Tuna wiki tatu Oman. Tulitoka Dar es Salaam tukapitia Dubai, na huko tukakaa miezi miwili tukingoja karatasi. Sasa tumepanga nyumba ya udongo hapa Sib, vyumba vitatu na kisima, na pwani iko nyuma ya ukuta. Marhoon kapata kazi serikalini, anatafsiri barua za Kiingereza, na kila jioni anarudi na vumbi kichwani huku anaimba. Joto halisemeki. Lakini watu wana nyuso za waliotoka kuoga: wanajenga, wananunua redio, wanavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, kwa kuwa mpaka juzi, kabla Sultani wa zamani hajaondolewa, ilikuwa marufuku.

Kubwa kuliko yote, Masouda anaolewa. Mchumba ni Aflah, kijana wa Matrah aliyesoma Kuwait, tulimkuta Dubai akingoja karatasi kama sisi. Harusi itakuwa mfunguo mosi, Ramadhani ikishatoka. Nimemlea Masouda tangu alipofiwa na mama yake, alikuwa na miaka minne. Nina furaha hata naona haya kuiandika.

Jumatano, 30 Septemba

Joto. Aflah anajifunza Kiswahili. Mpaka sasa anajua "samaki" na "mpenzi", na leo kamwita Marhoon kwa hilo la pili.

Ijumaa, 9 Oktoba

Leo nimefungua kitambaa cha Mama. Tangu afariki, Dar, miaka miwili iliyopita, sijakigusa.

Ndani mna sarafu tano za fedha, ndogo, kila moja kama ukucha wa kidole gumba. Zimetobolewa juu zikapitishwa uzi mweusi. Hakuna anayejua zilianza lini kwetu. Mama alizipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Kila bibi harusi wa ukoo huzivaa, na siku ya hina mwanamke mkubwa wa nyumba husimama mbele ya wenzake akazisimulia moja moja, kwa sababu kila sarafu ni mzee wetu mmoja.

Ya kwanza ina tembo wawili wanaovuta gari. Huyo ni Babu Thani, aliyekwenda Tabora kwa miguu akarudi anavutwa na tembo. Ya pili ina mtu mwenye fimbo, na mnyama mdogo anamwinulia uso. Huyo ni Babu Mahfoudh, aliyetoka Ibra na mbuzi mmoja, akamwacha Sur kwa jamaa, akaenda kukaa Unguja miaka ishirini. Aliporudi hakuna aliyemtambua ila yule mbuzi. Ya tatu ina watu wanne wanaoandamana, nao ni ndugu wanne waliokwenda kumposa bibi mzaa bibi yetu, wakakataliwa mara tatu. Ya nne ina farasi juu ya matao. Hiyo ni nyumba ya Babu Ishaq, yenye milango mitano, na farasi wake akilala darini. Ya tano haina kitu. Imesagika imekuwa laini pande zote mbili. Hiyo ni Bibi Bakhita, aliyejisitiri hata kwenye fedha.

Mama alikuwa akisimulia watu wanavunjika mbavu. Aliposimulia ya Bibi Bakhita aliizungusha sarafu kwa kidole gumba, taratibu, na nadhani ndiye aliyeimaliza kuisaga.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita, nimeshajua herufi za Kizungu, nilisimama siku ya hina ya binti ami yangu nikasema kwa sauti, "Mama, hii imeandikwa Roma. Hawa si wazee wetu, ni Warumi. Tena mbuzi haishi miaka ishirini." Mama akanitazama, akasema, "Umeshasoma. Haya, kaoshe vyombo." Hakunisemesha siku tatu. Sikumwomba radhi siku ile, na nikaendelea kutomwomba miaka thelathini na mbili.

Na hizi zisingekuwepo leo bila yeye. Mwaka 1964, siku tuliyoondoka Unguja, pale lango la bandarini palikuwa na askari mmoja, kijana, anapekua kila mzigo. Mama alikuwa na birika lake la enameli, la buluu, lenye mdomo uliopinda. Sarafu alizitia chini, juu yake chai ya tangawizi. Kijana akalitikisa. Akauliza, "Mbona linalia?" Mama akasema, "Tangawizi hiyo, mwanangu. Kunywa." Akamimina kikombe, polepole, kwa ule mdomo uliopinda. Akamimina cha pili. Kijana akashukuru akatupitisha.

Kabla ya kufa alinishika mkono. "Masouda azivae. Na usimulie weye, kama nnavyosimulia mie." Nikasema ndiyo.

Sasa hapo ndipo penye mashaka yangu. Mimi Mahfoudha binti Thani nitasimamaje mbele ya watu wa Matrah, wakwe, niseme tembo alivuta gari Tabora? Nikikataa, nimevunja ahadi ya maiti. Nikikubali, nitakuwa nasema uongo na uso utanisaliti, Marhoon anasema uso wangu una madirisha.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimeweka karatasi juu ya kila sarafu nikasugua kwa penseli mpaka picha ikatokea. Nimempelekea Miss Pelham, aliyekuwa mwalimu mkuu wetu, sasa kastaafu anakaa Uingereza na paka. Kama kuna mtu atakayeniambia hawa ni akina nani, ni yeye. Karatasi ya Bibi Bakhita imetoka nyeusi tupu. Nimeitia vilevile kwenye bahasha.

Jumapili, 18 Oktoba

Kaja bibi yake Aflah, Bi Kheiria. Ndiye mwenye neno la mwisho kule kwao, hata baba yake Aflah huvua viatu kabla hajaitwa. Kazaliwa Unguja, wakamrudisha Oman ana miaka kumi na miwili, na tangu hapo hajapata wa kuzungumza naye. Basi Kiswahili chake kimebaki vilevile, cha mtoto. Kaingia ukumbini na fimbo yake, ana miaka sitini na tano, akaniamkia mimi kama watoto wa Unguja, "Chechei, shangazi!"

Marhoon alikimbilia kisimani kucheka. Mimi nikaitika marahaba, ningefanya nini?

Halafu akaanza kukagua. Kamshika Masouda mkono akaupima kwa vidole, akasema, "Mwembamba. Mie n'tamlisha." Kaonja halua yetu akasema sukari imeungua. Nilipomwonyesha sarafu akazinusa, kwanza moja, halafu zote. Ile ya farasi akaishika karibu na jicho.

"Falaj hii," akasema. "Maji yapita juu, watu wapita chini. Kwetu Izki upo mfereji kama huu."

"Ni nyumba ya babu yetu, Bi Kheiria. Milango mitano."

"Nyumba gani haina dari? Falaj!" Akapiga fimbo chini. "Basi mie sichezi."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kitambo baadaye ndipo nikajigundua: nilikuwa naitetea hadithi ya Mama, mimi niliyeicheka. Alipokuwa anaondoka akaniambia fedha hiyo inataka kwenda kwa Majid, sonara wa Matrah anayefanya kazi zote za nyumba yao. Kwa hilo nilikubaliana naye. Vitundu vimelika na uzi umechoka.

Jumatano, 28 Oktoba

Nimekwenda Matrah na Land Rover ya ofisini kwa Marhoon. Majid ni mtu mpole mwenye ndevu za manjano kwa moshi, duka lake halizidi kabati. Pembeni ana lundo la reale za Maria Theresa, zile zenye malkia mnene, anaziyeyusha kutengeneza bangili.

Kiarabu changu ni cha vitabuni. Nikikisema watu hunitazama kama nimefufuka, kwa hiyo nasema maneno machache. Akauliza za nani. Nikasema, za marehemu mama yangu. Akauliza kwa ajili ya nini. Nikasema, kwa bibi harusi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa yote, akazifunga, akasema nije baada ya Idi. Sikuongeza neno. Kila fundi anajua kazi yake.

Jumapili, 1 Novemba

Ramadhani imeingia. Masouda kapika kalimati, zimetoka ngumu. Aflah kala kumi na tisa akasema "samaki", akimaanisha nzuri. Ndoa hii itadumu.

Jumapili, 8 Novemba

Hakuna la kuandika. Mawingu upande wa milimani.

Alhamisi, 12 Novemba

Bi Kheiria kaleta samli, madebe mawili. Kasema ni ya Masouda, mimi nisiguse.

Jumamosi, 21 Novemba

Barua ya Miss Pelham imefika! Marhoon kaja nayo kaishika juu kama bendera. Kurasa sita, kwa mwandiko wake ule ule wa kutisha wanafunzi.

Ni za Kirumi, za miaka mia moja na zaidi kabla ya Nabii Isa, au chini kidogo. Anadhani zilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, lakini zilivyofika kwetu hajui, na anasema yeyote atakayejidai anajua asisadikiwe. Hapo nilipiga meza kwa furaha, huyo ndiye mwalimu wangu.

Lakini lililoniduwaza ni hili. Anasema pale Roma walikuwepo vijana wa familia kubwa waliopewa kwa mwaka mmoja kazi ya kusimamia upigaji wa fedha. Na kila mmoja, zamu yake ilipofika, alitia kwenye sarafu mambo ya babu zake! Wale tembo: babu wa kijana mmoja aliwateka vitani, wajukuu wakajisifu kwa tembo zaidi ya miaka mia. Wale wanne: babu mkubwa aliyeufukuza ufalme, anakwenda kazini na walinzi wake. Yale matao si nyumba. Ni mfereji wa maji juu ya matao, ukoo wao ulileta maji mjini. Falaj. Sijui nitamwambiaje yule bibi.

Na mbuzi. Si mbuzi, ni mbwa. Yule mwenye fimbo ni msafiri wa hadithi za kale aliyepotea baharini, akarudi kwao baada ya miaka ishirini amechakaa, asitambuliwe na mtu ila mbwa wake mzee. Kijana aliyepiga sarafu hiyo alidai ukoo wao unatokana na msafiri huyo. "Dai ambalo," anaandika Miss Pelham, "hakuna hata mmoja aliyeweza kulithibitisha, na nadhani lilisimuliwa vizuri sana harusini."

Nimesoma mstari huo mara nne. Miaka ishirini! Mama aliyajuaje? Hakujua herufi hata moja ya Kizungu. Marhoon anasema labda mtu fulani, zamani, alimsimulia mtu, na njiani mbwa akageuzwa mbuzi ili aweze kuingia ndani ya nyumba ya Waislamu. Tulicheka mpaka Masouda akaja na maji.

Sasa najua nitakavyosimama siku ya hina. Nitasimulia kama Mama, tembo na mbuzi na milango mitano, bila kupepesa. Wale vijana wa Roma wangenielewa. Roho yangu nyeupe leo, sijui niifanye nini.

Jumanne, 24 Novemba



Bi Kheiria kaja kufuturu kwetu. Kala vizuri, kasifu hata uji. Nikamwambia, kwa moyo mmoja, kuwa alisema kweli kuhusu falaj, na kwamba Masouda akizivaa sarafu zile nitamsimulia yeye wa kwanza.

Akanitazama. "Azivae vipi? Majid keshaziyeyusha."

Nilidhani Kiswahili kimemshinda. Akanieleza tena, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Fedha ya mwanamke aliyekufa haivaliwi na mwingine vile ilivyo. Ilikuwa yake, imekufa naye. Hupelekwa kwa sonara, hutiwa motoni, na bibi harusi hutengenezewa yake mpya. Ndivyo wanavyofanya hapa wote. Hakuna hata anayeuliza. "Umemwambia ya maiti, umemwambia ya harusi. Ataka kusikia nini tena?"

"Sisi hatuyeyushi!" nikasema. "Sisi tunarithishana!"

"Mie nilidhani wajua," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilimfokea. Mgeni, mkwe, mzee, kwenye futari, katika Ramadhani, nilimfokea nikamwambia yeye ndiye aliyenituma kwa yule mchoma fedha. Akainuka akachukua fimbo yake. Masouda analia. Marhoon kasema tutakwenda Matrah kesho asubuhi.

Mvua imeanza. Inapiga bati la jikoni kama watu wanaomwaga kokoto.

Jumatano, 25 Novemba

Tulitoka mapema. Mlangoni nikamkuta Bi Kheiria keshakaa kwenye gari, mbele, na fimbo katikati ya magoti. Aflah kamleta alfajiri. Hakunisalimu. Akasema, "Majid hasikii la mtu ila langu."

Tumefika Wattaya, wadi imeshuka: lile bonde kavu alilovuka Aflah alfajiri limegeuka mto. Maji mekundu, mapana, yanapiga kelele, na mti mzima wa mkwaju unapita umelala chali. Magari yamepangana huku na huko. Hakuna daraja, hakuna njia, ni kungoja tu.

Tulikaa juu ya jiwe mpaka adhuhuri, mimi na yeye, kanga yangu moja juu ya vichwa vyetu viwili. Mwisho nikamwomba radhi. Nilisema haraka, maana sijazoea. Akasema, "Haya. Hebu nambie mama yako alikuwaje."

Basi nikamwambia. Nikamwambia jina lake, Bi Sayyida, na alivyosimulia, na aibu niliyomtia nilipokuwa na miaka kumi na sita, na vyombo nilivyotumwa kuosha. Nikamwambia habari ya birika la buluu na yule askari na tangawizi. Hapo akanishika goti. "Akamnywesha?" "Vikombe viwili." "Kwa birika hilo hilo?" "Hilo hilo, zimo chini." Akacheka mpaka fimbo ikaanguka, halafu nikamwona anafuta macho. Akaniambia walipomrudisha Oman mtoto, alikuwa na mwanasesere wa nguo, mama yake wa kambo akamtupa jikoni kwa kuwa ni kitu cha uswahilini. Yeye pia ana vya kwake vilivyokwenda na moto. Miaka hamsini na tatu na bado anamtaja mwanasesere wake kwa jina: Sikujua, ndivyo alivyomwita.

Nimemdhania vibaya bibi huyu kuanzia siku ya kwanza. Tumerudi Sib tumerowa kama samaki.

Alhamisi, 26 Novemba

Wadi bado.

Ijumaa, 27 Novemba

Bado. Nimefua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Jumamosi, 28 Novemba

Tumevuka! Maji yanafika nusu ya gurudumu, Bi Kheiria anasoma dua kwa sauti na kumpiga dereva fimbo begani asipunguze mwendo.

Majid alikuwa dukani, kamaliza bangili mbili. Alipotuona akainuka. Nikasahau Kiarabu chote, cha vitabuni na kisicho cha vitabuni. Nikanyoosha mkono tu. Bi Kheiria akamuuliza kwa ukali sarafu ziko wapi.

Akapanda juu ya kigoda, akatoa kwenye rafu ya juu kabisa, karibu na dari, kifurushi cha kitambaa cheupe kilichofukizwa udi. Akakiweka mbele yetu kwa mikono miwili.

Akaeleza kwamba yeye, na baba yake kabla yake, hawatii motoni kitu chenye maandishi mpaka wasomewe, isije ikawa jina la Mwenyezi Mungu. Za malkia mnene marehemu baba yake alishasomewa zamani, hana wasiwasi nazo. Lakini hizi hakuziona maishani. Alimwonyesha imamu wa msikiti, akasema si Kiarabu. Mwengine akasema huenda ni Kisuryani, lugha ya mitume. Basi akaziweka juu, akazifukiza, akawa anangoja Mungu amletee msomaji.

"Wewe wasoma haya?" akaniuliza.

Nikafungua kitambaa. Tembo wamo. Mbuzi yumo. Ndugu wanne. Falaj ya Babu Ishaq. Nililia pale pale, sikujali sokoni wala nini. Nikamsomea herufi moja moja, kwa kidole, kama darasa la kwanza. Akauliza kama limo jina la Mola. Nikasema hapana, ni majina ya watu.

"Watu gani?"

"Wazee," nikasema.

Akaridhika. Halafu ndipo nikahesabu. Nne.

Majid akatazama chini. Ile ya tano haikuwa na herufi. Hakuwa na sababu ya kuiogopa. Akafungua kiganja, mna kidonge cha fedha, cheupe, kadiri ya punje ya dengu. Hicho ndicho Bibi Bakhita. Hicho ndicho kidole gumba cha Mama.

Sikupiga kelele. Nilishapiga kelele zangu zote Jumanne. Nilikichukua, kilikuwa chepesi, nikakaa nacho. Majid akasema, akiwa na haya kabisa, kwamba hajakichanganya na fedha nyingine, hata chembe. Nikitaka atakigonga kiwe duara tena, kadiri ile ile, atakitoboa. Lakini kitakuwa kitupu. Au niseme anitilie nini juu yake.

Nikasema, "Kitupu, kama alivyokuwa." Bi Kheiria akageuka akanitazama vizuri, kama siku ile alivyomtazama Masouda. "Bibi yako alijisitiri," akasema. "Mama yako naye alijisitiri?"

Mama yangu kujisitiri! Mama aliyesikika nyumba ya tano! Na hapo hapo nikawakumbuka wale vijana wa Roma, kila mmoja na zamu yake ya mwaka. Mtu fulani alikaa mbele ya fundi kama huyu akasema, babu yangu alileta maji, nitilie maji. Nikatoa daftari hili nikachora nyuma yake. Birika.

Majid akachora lake, dele la kahawa, zuri, la Kioman. Nikakataa. Akachora tena. Nikakataa. "Mdomo upinde," nikamwambia, "upinde zaidi, hapo ndipo chai ilipotokea polepole." Mara ya nne akalipata. Bi Kheiria akasema hajaona mteja msumbufu kama mimi, na alisema kwa mapenzi.

Jumanne, 1 Desemba

Idi! Jana ilikuwa Idi, leo Idi ya pili, naandika nimeshiba. Kila kitu kimechipua njiani kwa mvua ile, hata ukuta wa jikoni una majani. Aflah sasa ana maneno sitini. Kamwita Bi Kheiria "shangazi mtukutu", Masouda ndiye aliyemfundisha.

Jumapili, 6 Desemba

Nimelichukua. Ni dogo, ninaweza kulifunika kwa ncha ya kidole, lakini kila kitu kimo: kifuniko, mkono, mdomo uliopinda, hata mvuke. Mvuke sikuuagiza. Majid anasema birika halifai bila mvuke. Amekataa malipo.

Alhamisi, 10 Desemba

Alasiri tumemtia Masouda hina. Uani wanawake hawana pa kukaa, wa Matrah na wa Sib na wetu wa Unguja waliofika juzi juzi, mmoja hata hajafungua mizigo. Masouda alikuwa na sarafu tano shingoni, kwenye uzi mpya mweusi, mzuri hata nikashindwa kumtazama muda mrefu.

Nikasimama. Nikasimulia kwa Kiswahili, na jirani mmoja akawa anawageuzia wa Matrah kwa Kiarabu. Nimesema Babu Thani alivutwa na tembo kutoka Tabora. Sikupepesa! Nimesema ndugu wanne walikataliwa mara tatu, na mara ya nne wakakubaliwa ili watu wapate kulala. Nimesema nyumba ya Babu Ishaq ilikuwa na milango mitano na falaj juu ya dari, maji ya farasi, na nikamkonyeza Bi Kheiria. Nimesema mbuzi alimjua bwana wake baada ya miaka ishirini. Mwanamke mmoja akasema mbuzi hawaishi hivyo. Nikamwambia, "Wa kwetu wanaishi." Kicheko kilichotoka hapo nilikuwa nakijua. Ndicho alichokuwa akikipata Mama.

Nikaishika ya tano. Nikafungua mdomo, sauti haikuja. Nilizungusha birika kwa kidole gumba, nikazungusha, na Masouda ananitazama macho yamejaa.

Bi Kheiria akagonga fimbo. Akainuka, akasimama karibu yangu, akasimulia yeye, kwa Kiswahili chake cha miaka kumi na miwili.

"Alikuwapo mama, jina lake Bi Sayyida. Ana birika, kubwaaa. Ndani, fedha. Juu, chai. Kafika bandarini, askari arubaini! Wote na bunduki! Wakasema, mbona birika lalia? Kasema, tangawizi, wanangu, njooni mnywe. Kawamiminia wote, mmoja mmoja, wote arubaini, na birika halikwisha. Wakalala chini, wanakoroma. Bi Sayyida kapita juu yao, hivi, hivi, kashika nguo isiwaguse."

Akapita juu yao, fimbo mkononi, kanga kaishika juu. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele mpaka mbwa wa pwani wakajibu.

Kisha akanigeukia, anahema. "Sivyo, mwalimu? Arubaini?"

Uani wote ukanitazama. Askari alikuwa mmoja. Nilikuwepo. Alikuwa na chunusi.

"Arubaini," nikasema. "Na mkubwa wao akaomba cha pili."